Bastola ya Kulinda Kabati Tupu

Tuliporudi kutoka makaburini nilikuwa nimelowa mvua, nikaenda chumbani kutafuta shati kavu. Nilifungua kabati. Upande wangu nguo zilikuwepo kama nilivyoziacha. Upande wa mke wangu zilibaki hanga tupu. Sanduku lake kubwa la kahawia, lililokuwa juu ya kabati na vitenge vyake vya sherehe ndani, halikuwepo. Viatu vyake vya kanisani havikuwepo. Hata gauni lake la kulalia, lililokuwa limekunjwa chini ya mto tangu siku alipopelekwa hospitali, halikuwepo.

Sebuleni watu walikuwa wamejaa. Kilio kilikuwa siku ya nne. Tulikuwa tumetandika magodoro chini, akina mama wa kanisa walikuwa jikoni wakipika, na wanaume walikunywa kahawa kwenye ngazi kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Televisheni ilikuwa mahali pake. Kompyuta ya binti yangu ilikuwa mezani. Nilifunga kabati, nikarudi kukaa kwenye kiti changu na shati langu bichi, na sikumwambia mtu yeyote.

Naandika sababu kama ilivyokuwa. Niliona aibu. Mke wangu hakuwa bado amemaliza hata siku moja kaburini, na mimi nilikuwa nimeshaacha vitu vyake viibwe. Mtu niliyemwogopa zaidi alikuwa dada yake mkubwa, ambaye mimi pia nilimwita Yaya, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Alikaa Laeken, upande mwingine wa mji wetu huku Ubelgiji, na alikuwa amemlea mke wangu baada ya mama yao kufa. Siku ile alikuwa jikoni kwangu, amefunga kitambaa cheusi kichwani, akisimamia wapishi. Tulipokwenda kuzika hakuja nasi. Alisema mtu lazima abaki na sufuria.

Wiki iliyofuata, watu walipokwisha kutawanyika, nilikwenda polisi. Askari aliyenipokea alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza kama mlango ulivunjwa. Nikasema hapana. Akauliza nani wengine wana ufunguo. Nikamweleza kwamba kwetu, mtu akifa, nyumba haifungwi. Watu wanaingia saa yoyote, wanaleta chakula, wanalala. Kwa hiyo nilikuwa nimechongesha funguo tano kwa fundi viatu, ambaye huku huchonga na funguo, nikawapa akina mama waliopika, na mmoja nikampa Yaya.

Akaweka kalamu chini. "Cinq, monsieur?"

"Tano," nikasema.

"Bon. Sasa mimi nitafute nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia wale ni watu wa kilio, si wezi. Akaandika kila kitu polepole, hata gauni la kulalia, akanipa nakala. Kesho yake nilibadilisha kitasa. Nilichongesha funguo mbili tu, wangu na wa binti yangu, na wala sikuwaambia wale watano kwamba funguo zao zimekuwa chuma tupu.

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka mbaya. Yaya aliacha kupiga simu. Mwanzoni alikuwa akipiga kila Jumapili baada ya misa, halafu ghafla kimya. Nilidhani amesikia habari za wizi kutoka kwa mtu fulani na ananidharau. Nakiri kwamba kimya chake kilinipa nafuu. Sikujua ningemwambia nini.

Mimi ni fundi wa vigae. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, Lubumbashi, na kazi nimejifunza kwa magoti. Kazi ile inakuacha na mawazo yako siku nzima. Nilikuwa nikipanga vigae katika bafu la mtu, kumbe moyo uko Berchem, kwenye mlango wa nyumba yangu, ghorofa ya tatu. Televisheni sikuijali, wangeichukua. Niliogopa kwamba watarudi kuchukua vile vilivyobaki. Na vilivyobaki vilikuwa vichache: miwani yake ya kusomea, na kitana chake bafuni chenye nywele zake. Lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu nilikuwa nashika ukuta.

Karibu mwaka ulipokuwa unakwisha, niliamua kununua bastola.

Duka lilikuwa ng'ambo ya mfereji, dirisha lake dogo lenye vyuma. Nilipita mbele yake mara tatu kabla ya kuingia. Ndani alikuwa mzee mmoja Mbelgiji, mrefu, sweta lake limetoboka kiwiko. Nilisema kwa Kifaransa kwamba nataka bastola ya kulinda nyumba, kwamba sijawahi kushika silaha, na kwamba nataka ndogo, isiyo na taabu. Alitega sikio kwa matamshi yangu.

"Weye iko mutu ya Katanga," akasema kwa Kiswahili.

Nilishtuka. Kumbe alikuwa amezaliwa kule, baba yake akifanya kazi kwenye reli, na aliondoka akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho watoto wa wazungu walijifunza jikoni na bustanini, kwa watu waliowatumikia. Kilikuwa na leta, weka, ngoja, funga mulango, njo ya kwetu mahali pa ndio, na maneno yote ya chakula. Neno la kuomba hakikuwa nalo. Lakini sauti yake ilikuwa ya kwetu kabisa, na nilikuwa sijasikia mtu akinisemesha Kiswahili tangu simu za Yaya zilipokatika. Binti yangu ananijibu kwa Kifaransa.

"Leta mukono," akasema.

Nikampa mkono. Aliugeuza kama mtu anayenunua samaki.

"Unafanya kazi gani?"

"Vigae."

"Inaonekana. Munene namna hii! Na unataka bastola kidogo? Angalia." Akafungua kasha, akatoa bastola ndogo nyeusi, akatoa magazini, akavuta sehemu ya juu nyuma, akanionyesha ndani kwamba hamna risasi, halafu akaniambia nitazame tena mwenyewe. "Siku zote unaangalia. Hata mimi nikisema haina kitu, usiniamini. Shika."

Niliishika. Kidole changu kidogo kilibaki kikining'inia hewani, hakina pa kushika.

"Voilà. Batu yote ya kwanza wanataka kidogo, wanasema kidogo iko mupole. Hapana! Kidogo njo inapiga teke. Kubwa ni nzito, uzito unakula teke. Hii ni ya mutu anajua sana. Weye hujui kitu."

"Ndiyo, Papa, sijui kitu."

"Bon. Muntu anasema hajui, huyo ninaweza kufundisha."

Alinishikisha nyingine tatu. Alinieleza kwamba bastola huchaguliwa kwa mkono kabla ya kuchaguliwa kwa macho. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu ufuate mstari wa mfupa wa mkono, na ncha ya kidole, si kiungo, ifike pale pa kufyatulia bila kujivuta. Akaniambia nifumbe macho, niinue mkono kuelekea ukutani, halafu nifumbue. Kama mtutu umeangalia pale nilipokuwa nafikiri, basi inanifaa. Ile ya tatu ilikuwa rivolva nzito yenye mpini wa mbao. Nilipofumbua macho, ilikuwa inaangalia msumari ule ule niliouchagua.

Nilifurahi. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Tangu mke wangu afe, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kukaa sawa mkononi mwangu.

"Bei gani?"

Mzee akacheka, akairudisha kwenye kasha. "Unafikiri unanunua mukate? Sheria ilibadilika. Bila karatasi ya gavana sikuuzii hata kishikio." Akahesabu kwa vidole: cheti cha polisi kwamba sina kesi, cheti cha daktari, mtihani wa sheria, mtihani wa kushika silaha, na sababu. "Na sababu usiandike uoga. Uoga wanakataa karibu siku zote. Andika mchezo. Njoo klabu, jifunze, andika mchezo."

"Lakini mimi sitaki mchezo, Papa."

"Njoo kwanza."

Klabu ilikuwa chini ya ardhi, ukumbi mrefu wenye harufu ya baruti na kahawa. Nilikwenda kila Jumamosi asubuhi kwa miezi mingi, kwa kibali cha muda, nikitumia silaha za klabu. Mzee alinianzisha na ile ndogo ya vingt-deux, yaani ya kipimo cha ishirini na mbili, ambayo risasi yake ni kama punje ya maharage. Nilisema ya nini, wakati nyumbani nataka ile nzito. Akasema risasi ndogo ni ya kunifundisha nisiogope kelele, maana aliyeanza na kubwa hujifunza kwanza kufumba macho, na kufumba macho hakutoki tena mwilini.

"Umefunga macho," alikuwa akisema nyuma yangu.

"Sikufunga."

"Umefunga! Karatasi inasema. Angalia tundu zako, zote ziko chini kushoto. Unamuogopa nani, ile karatasi? Haina mikono."

Alinikataza kuweka kidole pale pa kufyatulia kabla sijaamua. Alinikataza kugeuka na silaha mkononi, hata kama mtu ameniita. Neno alilorudia zaidi ya yote lilikuwa hili: "Unaona nini nyuma ya shabaha? Kama huoni, hupigi." Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mikono yangu imezoea kutulia, kigae hakipendi mkono unaotetemeka. Baada ya miezi michache alinipa rivolva, na matundu yangu yalianza kukusanyika katikati.

Saa mbili zile za Jumamosi sikuwa namfikiria mke wangu. Nilipotoka nje kwenye mwanga nilikuwa namkumbuka ghafla, kama mtu aliyesahau mtoto dukani, na nilikuwa najiona nimemkosea. Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena.

Jambo moja tu lilinisumbua. Katika somo la sheria tulifundishwa kwamba nyumbani silaha hukaa imefungwa kwenye sefu, na risasi zinafungwa mahali pengine. Nilirudi nyumbani nikafanya jaribio. Nilifunga boksi la viatu kwa kufuli, nikaweka vijiti vya kiberiti, mahali pa risasi, kwenye bati la biskuti lenye kufuli juu ya jiko, funguo zote mbili nikazitundika mahali pake. Nikalala kitandani mchana kweupe, nikajifanya nimesikia mlango. Mpaka nikawa nimefungua boksi, nimefungua bati, na nimehesabu vijiti sita mkononi, mwizi angekuwa ameshabeba kabati lenyewe mpaka barabarani.

Jumamosi nilimweleza mzee. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Sasa umeuliza swali ya kweli. Mimi niko na bastola miaka makumi ine. Mwizi alikuja kwangu mara mbili. Mara mbili nilikuwa sokoni."

"Kwa hiyo ya nini, Papa?"

"Mimi ninapenda. Weye sijui. Weye utaniambia."

Sikumwambia. Niliendelea. Nilipita mitihani yote miwili, na ule wa sheria nilipita kwa shida kwa sababu ya Kifaransa cha maofisini. Daktari wangu aliniuliza kama nalala vizuri. Nikamjibu kwamba napata usingizi wa saa nne tu kwa usiku, na kwamba naogopa lifti. Akauliza kama nimewahi kufikiria kujiumiza. Nikasema hapana, na hiyo ilikuwa kweli. Akaniambia nirudi baada ya mwezi mmoja tuongee tena kabla hajaandika chochote. Nilirudi, tukaongea, nikamweleza habari za kitana. Akaandika cheti, lakini alinishika bega na kusema, "Monsieur, mwonyeshe binti yako karatasi hizi zote."

Ilinibidi. Mtu anayeishi na mtu mzima mwingine lazima athibitishe kwamba huyo mwenzake hapingi silaha kuingia nyumbani. Kulikuwa na mstari wa saini yake. Binti yangu alikuwa ameshatimiza miaka ishirini.

Na palikuwa na ile nafasi ya sababu. Niliikalia jioni tatu. Mzee alisema niandike mchezo, na watu wengi wa klabu waliandika hivyo na kwao ilikuwa kweli. Kwangu mimi haikuwa kweli. Mwishowe nikaiacha wazi, nikasema nitaijaza baada ya saini.

Binti yangu alikuwa anasoma chuo, na Jumapili alifanya kazi katika mkahawa mmoja wa uwanja wa Flagey. Nilimfuata huko, soko likiwa limejaa, watu wamepanga foleni ya chipsi. Alipopata mapumziko alikuja kukaa nami kwenye benchi na aproni yake. Nilimpa karatasi. Aliisoma yote, mbele na nyuma. Mimi huwa nasoma mistari ya juu tu. Halafu akanisemesha Kiswahili, jambo ambalo nyumbani hafanyi.

"Papa, hii Jumamosi zako zote? Mi nilifikiri umepata maman fulani!"

"Maman gani?"

"Nilikuwa nimefurahi kabisa. Nilishamwambia rafiki yangu." Akacheka, halafu akaacha. "Papa. Nani anaingia kwetu saa sita ya usiku?"

"Hakuna mtu."

"Mimi. Mimi njo ninaingia. Nikimaliza kazi, nikitoka kwa batu. Nafungua mulango polepole nisikuamshe. Giza, sitaki kuwasha taa. Donc huyo mwizi wako ni mimi."

"Nitajua ni wewe, mwanangu."

"Utajuaje? Wiki iliyopita ulipiga kelele 'nani', nikasema 'mimi', ukauliza tena 'nani'."

Lile neno la mzee, la nini kiko nyuma ya shabaha, lilikuja likakaa kwenye benchi kati yetu. Nikamwambia ukweli ambao nilikuwa nimeuficha kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nilimwambia kwamba siku ya mazishi tuliibiwa, kwamba nguo za mama yake zote zilikwenda, kwamba sikuweza kulinda hata gauni la kulalia, na kwamba sitaki yaliyobaki yaondoke nikiwa nimekaa mikono mitupu.

Alinitazama kwa mshangao. "Mi nilijua ni wewe ulizitoa. Nilifikiri hukutaka kuziona. Juu ya nini hukusema?"

"Nilimwonea aibu Yaya."

Alikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa aproni. "Sisaini leo. Nipe mpaka Alhamisi. Nitaenda kumuuliza Yaya."

"Usimwonyeshe!"

"Bon, wewe ulitaka saini ya muntu mukubwa. Muntu mukubwa anatafuta shauri."

Alhamisi alinipigia simu nikiwa kazini, magoti kwenye saruji. Alisema tu, "Papa, ukitoka huko kuja Laeken. Kuja na viatu vya kazi tu, usibadilishe." Nilidhani kuna mtu amekufa.

Yaya alikuwa amekaa mezani, binti yangu pembeni, karatasi yangu katikati yao. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa amekonda. Hakuniambia nikae.

"Semeki," akaniita, yaani shemeji, "unatafuta bunduki ya kuniua?"

"Yaya, hapana! Ni ya wezi."

"Ni mimi mwizi. Niue basi, niko hapa."

Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi akiburuta sanduku la kahawia. Nikakaa bila kuambiwa.

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mwanamume aliyeoa upande wao hujua. Kwa watu wa mke wangu, nguo za mwanamke aliyekufa hazilali katika nyumba ya mumewe wakati wa kilio. Siku ya kuzika, wanaume wakiwa makaburini, dada mkubwa anazikusanya zote na kuzipeleka kwake kimya, na mume haambiwi. Mume akirudi akakuta kabati tupu, anajua. Anangoja siku zipite, halafu anakuja na mzee wa upande wake, na chupa, na kuuliza: nguo za mke wangu ziko wapi? Swali hilo ndilo linalofungua mazungumzo ya kumaliza kilio. Lisipoulizwa, kilio hakiishi.

"Nilingoja," Yaya akasema. "Mwezi, nikasema bon, ana huzuni. Miezi mitatu, nikaleta chakula, nikatia ufunguo kwa mulango. Ufunguo haugeuki! Nikasimama pale na sufuria yangu kama muombaji, majirani wanaangalia. Nikasema, alors, huyu amefunga. Amemusahau mudogo yangu, na nguo zake hazitaki tena. Nikakaa."

"Sikujua, Yaya. Hakuna aliyeniambia."

"Nani akuambie? Ni baba zako wadogo banakuambia!"

"Wako wapi huku?"

Hilo alikuwa hajalifikiria, na mimi pia. Nyumbani, siku ile ile ya mazishi, mjomba fulani angenivuta pembeni na kuninong'oneza. Huku wanaume wote waliokunywa kahawa kwenye ngazi zangu walikuwa wa makabila mengine, au vijana, au majirani. Mimi nilitoka kwetu nikiwa kijana asiye na mke, bila mtu wa kunifundisha mambo ya ukwe. Kwa hiyo nilipokuta kabati tupu, nilikwenda polisi.

Binti yangu alianza kucheka huku analia. "Yaya, aliandikisha mpaka gauni la kulalia. Liko kwa fichier ya polisi."

Yaya alijaribu kukaza uso, lakini mdomo ulimponyoka. Halafu alishika mpini wa sanduku, akalirudisha chumbani.

"Yaya, si umeshanionyesha?"

"Nimekuonyesha usiue batu. Kukupa ni kitu kingine. Kuja na mukubwa wako, uulize vile inafaa."

Jumamosi nilikwenda klabu, lakini sikuvaa viziba masikio. Nilimweleza mzee yote, tumesimama karibu na mashine ya kahawa. Nilimwambia binti yangu hatasaini na mimi sitamwomba tena. Nilimwambia pia kwamba nafasi ya sababu ilibaki wazi kwa sababu sikuwa nayo.

"Bon," akasema. "Ulikuwa unapiga vizuri. Sasa unataka nini?"

"Nataka mzee wa kwenda naye kwa shemeji yangu. Sina mwingine anayesema Kiswahili cha kwetu."

Aliweka kikombe chini. "Mimi? Mimi najua kusema leta tu."

"Tutafanya mazoezi."

Tulifanya mazoezi katika gari lake, kutoka mfereji mpaka Laeken. Nilimfundisha kusema tumekuja kuuliza, na tunaomba. Alilirudia lile la kuomba mara nyingi, kwa sauti ndogo, mikono kwenye usukani. Alisema hakumbuki kuwa aliwahi kulitumia kule.

Yaya alipofungua mlango alimtazama kuanzia viatu mpaka mvi.

"Semeki, huyu njo mukubwa wako?"

"Ndiye niliye naye, Yaya."

"Mundele, muzungu kabisa! Alizaliwa wapi?"

"Kamina," mzee akajibu mwenyewe, na akatoa chupa kwenye mfuko wa koti.

"Baba yako aliwatumikisha baba zetu."

"Ndiyo, Maman," akasema. "Ni kweli."

Sikujua kama tutafukuzwa. Halafu Yaya akavuta kiti, mzee akabaki amesimama, amenyooka kama mwanafunzi, akasema yote aliyokariri. Alikosea mpangilio. Aliomba kwanza, kisha ndipo akauliza. Yaya alimwacha amalize, akamgeukia binti yangu. "Lete glasi."

Tulifungua sanduku sakafuni. Vitenge viligawanywa vile wanavyogawa wao: vingine vya Yaya, vingine vya binti yangu, kimoja kwa maman wa kanisa aliyemwosha marehemu. Mimi nilipewa kitenge cha bluu alichokuwa akijifunga mke wangu asubuhi akichemsha chai, si cha sherehe hata kidogo. Gauni la kulalia Yaya alilikunja na kulibakiza kwenye sanduku. Sikuliomba. Kabla ya kuondoka niliweka mezani ufunguo mpya wa mlango wangu niliouchongesha asubuhi ile, nikausogeza upande wa Yaya.

Wiki mbili baadaye nilitoka kazini mapema, saa tisa alasiri. Nilipofungua mlango nilisikia mtu ndani. Hatua, halafu kitu cha chuma kikigonga. Nitasema kilichotokea mwilini mwangu. Kitasa nilikuwa nimekishika bado, na mkono wangu wa kulia ulikwenda pale kiunoni ambapo hapakuwa na kitu.

"Nani?" nikaita.

"Nani nani?" sauti ya Yaya ikatoka jikoni. "Funga mulango, baridi inaingia. Na chumvi unaficha wapi humu?"

Nilifunga mlango, nikaenda kumwonyesha chumvi.